Mama Nabintu Akabidhi Usiku

Baada ya miaka kumi na minane ya zamu za usiku, Mama Adélaïde Nabintu, mhudumu wa chumba cha kuzalia katika Kituo cha Uzazi Neema hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe 28 Machi 2025. Tunasema rasmi kwa sababu alikwisha kustaafu mara mbili kabla ya leo, na mara zote mbili alirudi kazini kabla chai ya kumuaga haijapoa. Hii ya tatu tunaiamini. Someni mpaka mwisho mtaona kwa nini.

Mama Nabintu ni mzaliwa wa Walungu, Kivu ya Kusini, Kongo. Alifundishwa ukunga na masista, vita vikamkatiza kabla hajamaliza. Alifika Nakivale na mtoto mgongoni, sufuria moja, na mkasi wa kukatia kitovu aliouzungushia kitambaa cha kanisa. Kituo chetu wakati ule kilikuwa hema moja karibu na Base Camp, penye ofisi za kambi. Alipoomba kazi wakamuuliza anataka zamu ipi, naye akajibu kwamba wampe ile ambayo wengine hawaitaki. Ndivyo alivyoupata usiku, na usiku nao ukampata.

Watoto aliowapokea hawahesabiki, na Mungu anawajua wote kwa majina. Sisi tunajua jina moja tu, kwa sababu wazazi wengi waliwapa mabinti lile lile. Ukisimama sokoni Base Camp ukaita Adélaïde, wasichana wa kila fasi, kila pembe, wanageuka, na mbuzi mmoja wa Mama Viviane naye anageuka.

Ila mwanadamu anayefanya kazi usiku anatakiwa alale mchana, na hapo ndipo Mama Nabintu alipopata shida. Nyumba yake ina bati juu, kibanda cha kuchaji simu na kuonyesha filamu upande wa kushoto, na upande wa kulia hufanyia mazoezi kwaya ya vijana, ambao Bwana amewapa sauti kubwa kuliko wimbo. Alikuwa analala vipande vipande, kama mtu anayekula karanga. Kilichobaki alikimalizia kanisani. Jumapili moja Mchungaji Natanaeli alimwita aongoze maombi. Akasimama, akafumba macho, akaanza kumshukuru Mungu kwa wagonjwa, kwa wasafiri, kwa wajane, halafu akanyamaza. Tukangoja. Kimya kikawa kirefu, kizito, kitakatifu. Mama mmoja mbele akaanza kulia, mwingine akapiga magoti, na mchungaji akasema kwa sauti ya chini kwamba Roho yuko mahali hapa. Tulijua Mama Nabintu amelala tu pale alipoanza kukoroma, amesimama wima, mikono juu. Mpaka leo wapo wanaoshuhudia kwamba hawajapata kubarikiwa kama siku ile.

Tulicheka, naye alicheka na sisi. Ila mwili wake haukuwa unacheka. Hedhi ilikuwa imekoma, na mwenyewe alisema kwamba yeye duka la uzazi amelifunga, sasa analinda maduka ya wengine. Baada ya hapo kiuno kikaaga, tumbo likahamia. Kitenge kilichokuwa kinamzunguka mara mbili kikawa kinakutana kwa shida. Kisha ikaja presha, na nyuma ya presha ikaja sukari. Alipewa vidonge, akavimeza kwa uaminifu, lakini kila alipopimwa sukari ilikuwa juu. Wakati huohuo wafadhili walitufungia taa ya sola katika chumba cha kuzalia, nyeupe, kali, unaweza kuokota sindano chini ya kitanda. Sote tulipiga vigelegele. Mama Nabintu aliketi chini ya taa ile miaka na miaka, na chai yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko, na posho, ugali wetu wa mahindi, saa nane za usiku, kwa sababu wazazi wakiletewa chakula hawali peke yao.

Sasa tufike kwa Benitha, maana bila Benitha habari hii haina miguu.

Benitha ni mwanafunzi wa utafiti kutoka Mbarara. Alikuja kwetu na sanduku la barafu na vichupa vidogo vya plastiki, akitafuta wanawake ambao hedhi imekoma. Alieleza vizuri, Mama Nabintu akitafsiri. Alisema ndani ya kichwa mna tezi ndogo kama punje ya hindi. Giza likiingia, tezi hiyo inatoa kitu kinachoitwa melatonini, nacho kinatangazia mwili mzima kwamba ni usiku, kila kiungo kishike kazi yake ya usiku. Taa kali ikimulika macho, tangazo linakatika. Umri ukisogea, melatonini nayo inapungua. Watafiti wanauliza kama kupungua huko kunachangia hayo matumbo, sukari na presha vinavyotujia wanawake baada ya hedhi kukoma. Kuipima si lazima kuchoma sindano. Mate yanatosha. Jioni mtaketi katika chumba chenye mwanga hafifu, hakuna kula, hakuna chai, hakuna simu, na kila baada ya nusu saa kila mmoja anatema mate ndani ya kichupa chake.

Kikundi cha bibi wa kituo chetu kiliitikia kwa heshima, kikaomba nafasi ya kushauriana. Mama Nabintu, naye mmoja wao, hakuwepo katika mashauriano hayo, alikuwa na mzazi. Mwenyekiti, Mama Mukakalisa, ndiye aliyeeleza wenzake maana ya jambo lenyewe. Msichana huyu, alisema, ni mzuri, amesoma, anakaribia miaka thelathini, na kidoleni hana pete. Ametoka kote huko Mbarara, amewapita wasichana wote na wamama wote wenye kuzaa, amekuja kuomba mate ya wanawake waliomaliza kuzaa. Wanataka aseme nini tena, masikini? Ana haya. Hizo habari za tezi ni njia ya watu wa shule ya kuomba baraka.

Wote wakaona ni kweli, wakamhurumia sana.

Maana katika familia nyingi za kikundi kile, binti akitafuta ndoa au mtoto, anakwenda kwa bibi aliyekwisha kuzaa, na bibi anambariki kwa mate. Lakini si mate matupu. Mate makavu ni ya kulaani. Anayebariki analowesha mdomo kwanza kwa maziwa mabichi. Na nani kati yao angetaka kumlaani mtoto wa watu aliyekuja na soda ya kila mmoja?

Basi siku ile ya jioni waliingia chumbani wakiwa na chupa ndogo za maziwa chini ya vitenge. Mwanga ulikuwa hafifu kama utafiti ulivyotaka, kwa hiyo Benitha hakuona kitu. Kila nusu saa ilipofika, bibi mmoja mmoja aliinamisha kichwa, akapiga funda, akanong'oneza ndani ya kichupa maneno ya baraka, mume mwema, watoto, ng'ombe, akatema, akafunga. Benitha aliandika kwamba washiriki walikuwa watulivu na wenye ushirikiano wa hali ya juu.

Mbarara, walipofungua vichupa, walikuta bongo, maziwa yaliyoganda. Ile tunayokunywa na muhogo. Mtu wa maabara aliuliza kama wanawake wa Nakivale wanatoa maziwa kwa mdomo, na kama ndivyo, kiwanda cha maziwa kijulishwe. Benitha alirudi kwetu macho yamevimba. Mama Mukakalisa alishangaa kusikia kwamba vichupa vimemwagwa, akauliza ni nani mwenye moyo wa kumwaga baraka. Hapo ndipo kila mmoja alipoeleza alichoelewa, na Benitha, alipofahamu ni kitu gani kilikuwa ndani ya vile vichupa, alikaa chini kwenye benchi la wazazi akacheka mpaka akapangusa machozi kwa koti la kazi.

Utafiti ungekufia hapo. Mama Nabintu ndiye aliyeufufua, na hili liandikwe kati ya kazi zake kubwa. Aliamua mambo mawili yatenganishwe. Asubuhi, nje, juani, bibi wote walimbariki Benitha kama inavyotakiwa, na maziwa yaliyoagizwa kutoka Bwizibwera, mpaka nywele zake zikalowa. Jioni, wakiwa wametimiza wajibu wao, waliingia chumbani na midomo mikavu, wakatoa mate ya sayansi. Vichupa vikafika Mbarara salama. Mvua zilizofuata Benitha akaposwa. Bibi hawakushangaa. Utafiti wenyewe haujasema kitu juu ya hilo.

Lakini ile jioni ya kwanza vichupa vya mtu mmoja havikuwa na maziwa, kwa sababu mtu huyo hakuwepo kwenye mashauriano. Vilikuwa vya Mama Nabintu. Vilipopimwa, wakapima tena, wakamwita Dokta Kabanda.

Dokta Kabanda ni mtaalamu wa sukari wa Mbarara, mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili alichookota kwa askari na wauza ng'ombe. Alikuja mwenyewe. Kwanza aliongea na kikundi kizima, akasema ukweli, na sisi tunaupenda ukweli wake. Alisema wanawake wa kikundi ni wachache mno, hawezi kuapa kwa kutegemea idadi hiyo. Sayansi bado inatafuta. Wapo waliowapa wanawake wa umri huo vidonge vya melatonini, wengine wakaona sukari imetulia kidogo, wengine hawakuona kitu, na wapo watu ambao vidonge hivyo vikimezwa saa isiyofaa vinavuruga sukari yao. Kwa hiyo asitokee mtu kuvinunua. Dawa za sukari na presha ziendelee, chakula cha jioni kiliwe mapema, miguu itembee, na usiku uwe giza.

Kisha akamwita Mama Nabintu pembeni, naye akaomba mwenzake mmoja wa kazi asimame karibu, ndiyo maana tunajua yaliyosemwa. Dokta alimwonyesha mstari ambao kwa wengine jioni unapanda kama kilima. Wake ulikuwa kiwanja cha mpira.

"Mama," alisema, "mwili yako haijui kama ni usiku. Imesahau."

Akaangalia pia kidonda kidogo cha mguuni ambacho Mama Nabintu alikuwa anakificha na soksi. Hakikuwa kinapona. Dokta alisema bila kuzunguka: sukari ikiendelea hivi, mguu utakwenda, baada ya mguu macho. Zamu za usiku ziishe.

Mama Nabintu alivuta soksi yake polepole.

"Na batoto ba usiku, Dokta? Nibaambie bangoje asubui?"

Dokta Kabanda alichukua karatasi. Akamwandikia neno moja tu, LALA, akaondoka.

Wenzangu, kumwambia mwanamke huyu alale ilikuwa kazi kuliko kuzalisha mapacha. Kwanza alijaribu njia ya mkato. Pamoja na maonyo yote, alipata kwa mchuuzi wa sokoni vidonge vilivyosemwa ni vya usingizi na vya kurudisha kiuno, vyote kwa pamoja. Akameza kimoja mwanzoni mwa zamu, akiwaza kwamba usingizi utajikusanya taratibu ndani ya mwili, asubuhi aukute tayari. Haukukusanyika. Ulikuja wote papo hapo. Mzazi aliyekuwa anaanza uchungu alimvua viatu Mama Nabintu, akamlaza kitandani, akamfunika kitenge chake, akatoka kwenda kumwita Mukeshimana, mhudumu msaidizi, akimwambia aje haraka kwa sababu mkunga ana hali mbaya. Vidonge vilivyobaki vilitupwa chooni, na Mama Nabintu aliomba jambo hilo lisiandikwe popote. Tumeliandika kwa upendo.

Baada ya hapo alikubali kumfundisha Mukeshimana na kumwachia usiku. Hapo ndipo alipostaafu mara ya kwanza, na ya pili. Alikuwa anakwenda nyumbani jioni kweli. Lakini pikipiki yoyote ikipita barabarani usiku, yeye alisikia mzazi. Anaamka, anavaa, anakuja. Mlinzi wetu Semahoro alipewa amri asimfungulie geti. Semahoro amewahi kuchunga ng'ombe milimani penye chui, lakini Mama Nabintu alisimama nje ya geti akamkumbusha kwa sauti ya kutosha jinsi alivyozimia siku mke wake alipojifungua, na geti likafunguka. Mukeshimana naye alichoka. Ni mtu wa maneno machache, lakini alilalamika kwa mchungaji kwamba hatajua kamwe kama anaweza kazi hii, maana kila kichwa cha mtoto kikitokea, mikono ya Mama Nabintu imekwisha kufika.

Kamati ya zawadi, kwa nia njema kabisa, ilikwenda Mbarara ikarudi na taa ya sola kubwa kuliko ile ya kituo, yenye redio. Mchungaji Natanaeli aliitazama, akauliza kama wamesikiliza neno lolote alilosema dokta. Akawakumbusha kwamba Mungu aliumba giza bila kukosea. Taa ikarudishwa dukani, na kamati ikarudi na kitambaa kizito cha bluu ya usiku. Mama Mukakalisa na bibi wenzake walikishona pazia la madirisha yote, wakatia bitana nyeusi. Kwaya ikahamishia mazoezi yake kanisani, haleluya. Simu ya Mama Nabintu ikawa inalala kwa mke wa mchungaji. Na Mukakalisa alimwekea mkono kichwani, mdomo umelowa maziwa, akambariki apate usingizi.

Alianza kulala kidogo kidogo. Kidonda kikaanza kukauka. Lakini bado kila asubuhi alifika na swali lile lile usoni: nani amekuja, kwa nini sikuitwa?

Mwezi uliopita, usiku, aliletwa Viviane, binti wa yule mama mwenye mbuzi, kwa bodaboda, mtoto wa kwanza, na mtoto ametanguliza makalio. Gari la kumpeleka Mbarara liliitwa, likakwama kwenye matope njiani. Semahoro alishika koti lake aende kumgonga Mama Nabintu. Mukeshimana alitazama geti, akatazama mzazi, akamwambia Semahoro akae, achemshe maji na aombe, kwa mpangilio wowote anaoutaka. Halafu akafanya kama alivyofundishwa: mikono isivute, ingoje, mtoto aje mwenyewe.

Jua lilikuwa limepanda vizuri Mama Nabintu alipoingia getini, uso umenenepa usingizi, mistari ya mto bado shavuni. Akamkuta Viviane anakunywa uji, na mtoto wa kike amefungwa kitenge, amechanwa nywele, ananyonya. Mama Nabintu alimfungua yule mtoto, akamgeuza, akamkagua kitovu, nyonga, vidole, akamfunga tena. Alitafuta kosa na hakulipata. Kisha akamgeukia Mukeshimana.

"Makalio mbele, na hukuniita?"

"Ulikuwa umelala, Mama."

Mama Nabintu alifungua mdomo. Alitaka kukataa, tukamwona anatafuta ndani yake ni saa ngapi aliamka, pikipiki gani aliisikia, na hakupata hata moja. Akakaa kwenye benchi.

"Nililala," akasema. "Jamani, nililala kabisa."

Akalia, tukalia, Semahoro naye akatoka nje kuangalia geti ambalo halikuwa na tatizo. Mama Nabintu alipomaliza akafungua kile kitambaa cha kanisa, akatoa mkasi wa masista, akauweka katika mikono ya Mukeshimana. Akaomba maziwa. Akambariki mbele ya wazazi wote, naye Mukeshimana, ambaye hapendi kuloweshwa, alisimama akapokea. Tarehe ya leo aliichagua Mama Nabintu mwenyewe, pale pale bencheni.

Sukari yake ilipopimwa juma lililopita ilikuwa imeshuka. Dokta Kabanda, ambaye yuko nasi leo, anasema zipo sababu nyingi: dawa, chai bila sukari, posho ya usiku kuachwa, kutembea, giza. Hajui ni ipi imefanya nini, na hatadanganya. Mama Mukakalisa anajua, lakini hajaulizwa. Mtoto wa Viviane hakuitwa Adélaïde. Anaitwa Mukeshimana, na mbuzi amebaki na jina lake.

Mama Nabintu, tunakushukuru kwa kila mlango uliokufungukia ukiwa na taa mkononi, kwa kila mama uliyemshika mkono, kwa wale waliokufa mikononi mwako ambao hukuwahi kuwasahau katika maombi. Bwana akulipe, maana sisi hatuwezi. Tunakutakia siku za mwanga na wajukuu wengi, mguu mzima, sukari tulivu, na maisha mema yaliyobaki yote.

Wageni wanaarifiwa kwamba sherehe itakwisha mapema, jua likiwa bado juu, na chakula kitaliwa mapema vilevile. Benitha amekuja na mume wake na tumbo kubwa, na amekwisha kuahidi atajitahidi kujifungua mchana. Asipoweza, geti litafunguliwa na Semahoro, na Mukeshimana atakuwepo.

Nenda ufunge pazia, Mama. Usiku tumeupokea.

Mariette, wa jikoni, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Neema